Hoteli Zikifunguliwa, Pesa Hurudi Lini?

Wanavikundi, mnaikumbuka Ijumaa ile ya tarehe 26 Machi 2021? Siku hiyo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kaunti za Nakuru, Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado zimefungwa kwa sababu ya korona. Kafyu ikawa inaanza saa 2 usiku. Baa zikafungwa, ibada za kukusanyika zikasimamishwa, na hoteli zikaambiwa ziuze chakula cha kubeba tu. Hakuna kuketi. Mambo yalikaa hivyo wiki tano, mpaka siku ya Mei Mosi.

Tunayarudia haya leo kwa sababu kuna vikundi ambavyo daftari la mwaka ule bado linaleta ugomvi. Mweka hazina anasema mama fulani hajamaliza mkopo, na mama naye anasema alipoteza soko bila kosa lake. Wote wawili wanasema kweli. Shida ilitokana na jambo moja ambalo wengi wetu hatukulielezwa: mji ulifunguliwa Jumamosi, na watu wakadhani pesa zitaonekana Jumatatu.

Tuanze na safari. Zile kaunti tano zilihesabiwa kuwa eneo moja. Basi mtu wa Dundori aliweza kupanda matatu akafika Nairobi, karibu kilomita 160, lakini hakuruhusiwa kuvuka kwenda Ol Kalou hapo jirani, maana Ol Kalou iko Nyandarua. Mtu wa Mogotio aliyezoea kununua mbolea, sabuni na dawa ya ng'ombe Nakuru alijikuta ameachwa ng'ambo, Baringo. Magari ya mizigo yalipita, abiria wakarudishwa. Kwa siku hizo viazi vilikuwa na ruhusa kuliko mwenye viazi.

Na hata ndani ya kaunti, kwenda mjini kuliingia gharama. Matatu ya viti 14 ilikuwa inabeba watu 8, na mwenye gari hakukubali kula hasara hiyo peke yake, akaongeza nauli. Tufanye hesabu ya mfano tu. Kikundi cha watu 20, nauli ya kwenda na kurudi shilingi 300. Kila mtu akienda kununua mbegu zake mwenyewe, kikundi kimetumia shilingi 6,000 barabarani kabla ya kununua hata kilo moja. Wakituma wawili wenye orodha, ni shilingi 600, na mzigo unarudi kwa gari moja. Vikundi vilivyofanya hivyo wakati wa korona vilifanya kwa kulazimika, lakini hesabu haikubadilika matatu ziliporuhusiwa kujaza viti tena mwezi wa Agosti 2021. Tunashangaa kuona wengi wameiacha.

Sasa tuje kwenye hoteli, maana hapo ndipo penye jambo. Je, kwa nini mtu aliruhusiwa kuingia duka la misumari lakini si kuketi ale githeri? Ugonjwa huu huenda kwa pumzi. Mtu mwenye virusi akiongea, akicheka au akikohoa, hutoa matone madogo, mengine hayaonekani kwa macho na hukaa hewani kwa muda. Dukani unaingia na barakoa, unalipa, unatoka. Hotelini lazima uvue barakoa, maana hakuna anayekula akiwa ameivaa, halafu unakaa nusu saa ukizungumza na wenzako, mara nyingi katika chumba chenye dirisha moja lililofungwa kwa sababu ya baridi ya Julai. Ndiyo sababu hoteli zilikuwa miongoni mwa biashara zilizobanwa zaidi. Kwa maoni yetu, kibanda cha mabati kilicho wazi pande tatu, kama vile vilivyo kando ya barabara Salgaa au Gilgil, kilikuwa na hatari ndogo kuliko hoteli nzuri ya vioo mjini. Sheria haikutenganisha. Sheria za haraka huwa hivyo.

Wengine walisema, hoteli ni ya watu wa mji, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Angalieni sahani moja ya chapati na maharagwe na kikombe cha chai. Maharagwe na kitunguu vimetoka shambani. Maziwa yametoka kwa ng'ombe wa mtu fulani Bahati au Njoro. Makaa na kuni zimebebwa na mtu. Chipsi za Nakuru ni viazi vya Mau Narok, Molo na Elburgon. Yule anayeosha vyombo ni msichana wa kijiji anayetuma shilingi mia tano nyumbani mwisho wa wiki. Mteja anapoamka mezani bila kula, hao wote wamekosa.

Sasa fuateni jinsi pesa ilivyorudi. Mei Mosi 2021 kaunti zilifunguliwa na watu wakaruhusiwa kuketi hotelini, lakini hoteli zifungwe saa 1 jioni, na meza ziachane. Kafyu ikasogea hadi saa 4 usiku. Ibada zikarudi kwa thuluthi moja ya watu. Shule zilifunguliwa siku ya 10 Mei, na hizo nazo ni wanunuzi wakubwa wa mboga na maharagwe. Kwa macho, mji ulikuwa umefunguka. Lakini hebu jiwekeni mahali pa mwenye hoteli. Chakula cha usiku hakipo, na hicho ndicho kilimlipia nyama. Meza zilizokuwa kumi zimebaki tano. Mwenye nyumba anadai kodi ya mwezi ambao hoteli ilikuwa imefungwa. Wateja wengine wamezoea kubeba chakula kutoka nyumbani na hawana haraka ya kurudi. Mtu huyu hawezi kununua gunia tatu za viazi kama zamani. Atanunua moja, na pengine aombe kuichukua kwa deni. Kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021. Barakoa za nje zikaachwa kuwa lazima Machi 2022. Kwa hivyo kutoka siku ya kufunguliwa hadi hoteli kuuza chakula cha jioni bila kuangalia saa, ilipita karibu miezi sita. Kijijini watu walikuwa wanangoja wiki moja.

Hapo ndipo mikopo iliharibika. Tuchukue mfano. Mwanachama alikopa shilingi 10,000 Februari ili anunue mbegu, riba asilimia 10 kwa mwezi. Alitegemea hoteli mbili za mjini. Machi zikafungwa. Kufikia Juni riba peke yake ni shilingi 4,000, na hoteli iliyofunguliwa inamnunulia nusu. Kila mwezi anacholeta kinamezwa na riba, deni lenyewe haliguswi. Mwisho anaona haya, anaacha kuja mkutanoni. Kikundi kimepoteza pesa na mtu.

Tungefanya nini? Maoni yetu ni haya, na mko huru kubishana nayo kwenye mkutano wenu. Mji unapofungwa kwa amri au kwa janga, riba isimame siku hiyo hiyo, kwa wote waliokopa, si kwa marafiki wa mwenyekiti. Deni lenyewe lisifutwe, maana zile 10,000 ni hisa za wenzake, pengine za mjane aliyeweka mia mia kwa mwaka mzima. Mwanachama apewe mwezi mmoja au miwili bila kulipa baada ya mji kufunguliwa, kisha alipe kidogo kidogo. Kuchukua sufuria au kuku wa mtu wakati kama huo hatukubaliani nako hata kidogo. Na jambo hili liandikwe kwenye kanuni sasa, wakati hakuna mwenye shida. Mkingoja shida ije, kila mtu atapiga kura akifikiria deni lake mwenyewe.

Kwa wale wanaouzia hoteli, au ambao kikundi chao chenyewe kina kibanda: siku za kufunguliwa zina hatari zaidi ya siku za kufungwa. Ukiwa umefungwa hupotezi unga. Ukifunguliwa unapata hamu ya kupika sufuria kubwa kama zamani, na jioni unalisha nguruwe. Pikeni nusu kwa wiki mbili, muandike kilichouzwa kila siku, kisha muongeze. Muuzaji wa viazi au maziwa naye asimpe mwenye hoteli deni la zaidi ya mzigo mmoja. Alipe wa kwanza ndipo achukue wa pili. Si ukatili, mwenye hoteli mzuri anaelewa. Na msiwe na mnunuzi mmoja tu. Aliyekuwa na hoteli, shule na jirani zake wachache wa kuuzia debe debe aliumia kidogo kuliko aliyekuwa na hoteli peke yake.

Mtungi wa maji tiririka mlangoni na sabuni msiuondoe. Korona si habari kubwa tena, Shirika la Afya Duniani lilimaliza hali yake ya dharura Mei 2023, lakini kuhara na kipindupindu havikuondoka na korona. Dirisha nalo lifunguliwe, moshi wa jikoni peke yake ni sababu ya kutosha.

Kuna anayesema mambo ya kufungwa yamepita. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya Mai Mahiu yaliua watu wengi na kuharibu barabara, na kwa siku hizo mizigo ilikwama vilevile bila amri ya mtu. Kwa hivyo katibu awe na ukurasa mmoja nyuma ya daftari: namba za simu za wenye magari ya mizigo wawili au watatu, majina ya wanunuzi wote wa wanachama na wako mji gani, na nani wawili watatumwa mjini ikiwa wote hawawezi kwenda. Ukurasa huo usomwe tena kila mkutano wa Januari, maana namba za simu hubadilika, na watu huhama.