Baridi Yabisi Si Ugonjwa wa Baridi

Jina la baridi yabisi ni la kale. Asili yake ni utabibu wa Waarabu, ambao sehemu kubwa waliurithi kwa Wayunani, na kwa elimu hiyo mwili wa mwanadamu ulidhaniwa kutawaliwa na joto na baridi, unyevu na ukavu. Aliyekakamaa viungo alihesabiwa kuwa amezidiwa na ubaridi na ukavu, na ukavu ndio maana ya neno yabisi. Elimu hiyo imepita, bali jina limedumu. Mtu wa Limuru aumwapo magoti husingizia umande. Mtu wa Mombasa, ambako baridi ni ya kutafutwa, husingizia upepo wa feni. Baridi huweza kuzidisha uchungu, lakini haiuzai ugonjwa.

Chini ya jina hilo yamekusanyika maradhi zaidi ya mia, na dawa ya hili siyo ya lile. Lililo la kawaida kupita yote ni kuchakaa kwa gegedu, yaani ule mfupa laini unaotenga mifupa miwili isisagane. Huwapata hasa wazee, watu wanene mno, na wale walioumia kiungo zamani. Uchungu wake huzidi kwa kazi na kupungua kwa mapumziko. Mgonjwa wa namna hii husaidiwa na kupunguza uzito, kuyazoeza misuli ya mapaja, na kushika bakora. Nayo bakora hushikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu, si upande ule ule kama wengi wafanyavyo.

Baridi yabisi yenyewe ni jambo jingine kabisa. Achukuliwe mama wa miaka arobaini, ambaye kila asubuhi kwa muda wa saa nzima au zaidi hawezi kufunga vifungo vya sare ya mtoto, wala kukamua nguo, wala kushika mpini wa sufuria. Kufikia adhuhuri vidole hulegea kidogo, na jirani humwona mvivu wa asubuhi. Akitazamwa vizuri, vifundo vya vidole vya mikono yote miwili vimevimba. Hapa gegedu halikuchakaa kwa kazi. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wamegeuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Wanawake hupatwa mara mbili au tatu kuliko wanaume.

Jambo lipasalo kujulikana ni kwamba muda una thamani kubwa. Mifupa huweza kuanza kuliwa ndani ya miaka miwili ya kwanza, na kidole kilichokwisha kupinda hakinyoshwi na kidonge. Yafaa mgonjwa afike kwa daktari katika miezi ya mwanzo, wala asitulizwe na kipimo kimoja cha damu kisichoonyesha kitu, maana mwanzoni huweza kuwa hivyo. Dawa itumikayo sana ni methotreksati. Humezwa mara moja kwa juma. Anayeimeza kila siku anakunywa sumu, na mwenye mimba haruhusiwi kabisa.

Mwezi wa Septemba, 1948, huko Rochester katika Marekani, Daktari Philip Hench alimdunga sindano ya kotisoni mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hawezi kutembea. Siku chache baadaye alitembea. Dunia ilistaajabu, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini dawa hiyo ikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu huuvimbisha uso, huleta kisukari na kuidhoofisha mifupa. Ndiyo sababu unga wa "miti shamba" uuzwao sokoni, unaomwinua mgonjwa kwa siku mbili tu, wapaswa kutiliwa shaka: katika nchi nyingi umepimwa ukakutwa umechanganywa na dawa za jamii hiyo. Aliyezizoea asiziache kwa ghafula, maana mwili huweza kuzimia. Amwone daktari azipunguze kidogo kidogo.

Jongo halina haja ya maneno mengi. Huja usiku, mara nyingi katika kidole gumba cha mguu, hata uzito wa shuka hauvumiliki. Nyama na pombe huchochea, ingawa wapo wasioonja pombe wanaopatwa. Lakini kiungo kimoja kikivimba ghafula pamoja na homa, isidhaniwe kuwa ni jongo tu. Huenda kina usaha ndani, na mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.

Limebaki la watoto, nalo ni zito kuliko yote. Mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano huumwa koo, koo likapona, kisha baada ya majuma mawili au matatu goti likavimba, likapoa, uchungu ukahamia kifundo cha mguu. Wazazi husema anakua. Kumbe ni homa ya baridi yabisi, iwezayo kuharibu milango ya moyo kwa maisha yote. Koo lingalitibiwa kwa penisilini, huenda yote yasingalitokea. Aliyekwisha kupatwa hudungwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne, kwa miaka mingi, hata kama magoti yamepona na mtoto amerudi uwanjani kucheza mpira.