Saa ya Kiswahili na Saa ya Pafu

Pafu la binadamu limejaa vifuko vidogo vya hewa ambavyo kuta zake zimefunikwa na utando mwembamba wa majimaji. Lau utando huo ungekuwa maji matupu, mvutano wa uso wake ungevifanya vifuko hivyo vinywee kila mtu atoapo pumzi. Kinachozuia hali hiyo ni safaktanti, yaani mchanganyiko wa mafuta na protini unaotolewa na seli za pafu lenyewe. Mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua walikuwa na upungufu wa dutu hiyo.

Protini za safaktanti ni nne: A, B, C na D. Tafiti zilizofanywa kwa panya zimeonyesha kuwa RNA inayobeba maelekezo ya baadhi ya protini hizo hupanda na kushuka kwa kufuata saa za siku. Kuieleza hali hiyo kwa Kiswahili kunazua masuala mawili ya kiisimu.

La kwanza ni istilahi. Tafsiri ya neno kwa neno hutoa "usemi wa jeni", ilhali jeni haisemi wala haina msikilizaji. Mzizi dhihir- unafaa zaidi, kwa kuwa unyambulishaji wake hutenganisha mambo mawili: jeni hudhihirika, na kipo kinachoidhihirisha. Katika saa ya seli, protini za CLOCK na BMAL1 huzidhihirisha jeni za PER na CRY. Mazao ya jeni hizo nayo hurudi kuizima kazi ya CLOCK na BMAL1, na mzunguko mzima huchukua takriban saa 24. Mofimu -ik- na -ish- zinatosha kuonyesha tofauti hiyo.

La pili ni hesabu ya saa. Maabarani, panya huwekwa katika mwanga kwa saa 12 na gizani kwa saa 12, na taa zinapowashwa ndipo huhesabiwa saa sifuri. Hesabu hiyo inakaribiana mno na ya Waswahili, ambao huanza kuhesabu saa za mchana kunapopambazuka: saa ya 6 ya maabara hulingana na saa sita mchana, na ya 18 na saa sita usiku. Kinyume chake, mwanafunzi aonaye 8:00 ya asubuhi katika ripoti ya kigeni na kuandika "saa nane" badala ya "saa mbili", huusogeza mdundo kwa saa sita, yaani robo ya mzunguko. Kilele huhamia mahali ambapo kwa hakika RNA ilikwisha kuanza kupungua.

Aidha, panya ni mnyama wa usiku. Asubuhi kwake ni mwanzo wa mapumziko. Kwa hiyo mfasiri makini huandika "saa mbili baada ya taa kuwashwa", wala hatosheki na "asubuhi". Kosa la aina hii halionekani kuwa kosa la lugha, kwani sentensi husomeka vizuri. Kinachoharibika ni ukweli uliomo ndani yake.