Kasoro ya ukuta wa kiini cha seli inavyofika hadi kwenye moyo

Mwaka 1966 madaktari Alan Emery na Fritz Dreifuss waliandika habari za familia moja ya Virginia, Marekani, yenye ugonjwa wa misuli usiofanana na ule wa Duchenne uliokuwa ukijulikana zaidi. Katika ugonjwa huu viungo hukakamaa mapema, mara nyingi kabla misuli haijaonekana kudhoofika. Viwiko hukataa kunyooka, shingo huwa ngumu kuinama, na kano za visigino huvuta mpaka mtoto anatembea kwa kuchuchumia. Kinachotisha zaidi huja ukubwani, pale umeme wa moyo unapoanza kukatika. Mtu anayetembea vizuri tu anaweza kuanguka na kufa ghafla, ndiyo maana wagonjwa wengi huishia kuwekewa betri ya moyo.

Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1994, kwenye kromosomu X, na protini inayotokana nayo ikaitwa emerini kwa heshima ya Emery. Ni protini ndogo, ina asidi amino 254 tu. Miaka miwili baadaye watafiti waliiona inakokaa. Haikuwa kwenye nyuzi za msuli zinazojikunja na kukunjuka, bali kwenye utando wa ndani wa kiini cha seli.

Kiini, kunakotunzwa DNA, kimezungukwa na tando mbili. Ule wa nje umeungana moja kwa moja na retikulamu, mtandao wa mirija na vifuko ulioenea ndani ya seli, ambako protini nyingi za tando hupandikizwa zikishatengenezwa. Ule wa ndani unatazamana na DNA. Tando hizo hukutana kwenye kingo za vitundu vya kiini tu, na katika kila kitundu umekaa mtambo mkubwa wa protini za aina 30 hivi, unaochuja vinavyoingia na vinavyotoka.

Protini inayoelea kwenye majimaji ya seli haina shida: huonyesha alama yake, ikabebwa na kupitishwa katikati ya kitundu. Emerini haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu mkia wake umechomekwa kwenye mafuta ya utando na hauchomoki. Njia iliyobaki ni kuteleza na utando wenyewe, kuupinda ukingo wa kitundu, na kujipenyeza ubavuni mwa mtambo, kama mtu anayepita kati ya fremu ya mlango na ukuta badala ya mlangoni. Upenyo huo una upana wa nanomita 10 hivi, kwa hiyo unene ni kikwazo. Protini ambayo sehemu yake iliyo nje ya utando inazidi kilodaltoni 60 hivi, kwa kawaida hukwama. Emerini nzima ina takriban 34 tu, basi inapita.

Ila nani anayeiambia iende huko? Jaribio lililotoa mwanga mkubwa lilichapishwa mwaka 1997. Watafiti nchini Marekani walichukua protini nyingine ya utando wa ndani, kipokezi cha lamini B, wakaiunganisha na protini ya konyeza inayong'aa kijani. Kisha wakaelekeza leza kali kwenye eneo dogo la seli hai, wakaufifisha mng'ao wa hapo, wakatazama. Kwenye retikulamu giza lilijazwa upesi, kwani protini za jirani zilikuja zikitangatanga zikaingia. Kwenye ukingo wa kiini doa jeusi lilibaki palepale.

Maana yake ni kwamba protini hizi huzurura huru, zikiingia na kutoka, mpaka zinapokutana na kitu cha kuzishika. Washikaji ni lamini, nyuzi zilizosukwa kama wavu chini ya utando wa ndani, pamoja na DNA na protini zinazoizunguka. Binafsi naona huu ni utaratibu wa ajabu kwa seli inayosifiwa kwa umakini wake, lakini unafanya kazi.

Hamira nayo ina mambo yake. Günter Blobel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kugundua kwamba protini hubeba alama za kuzielekeza, alionyesha na wenzake mwaka 2006 kuwa Heh1 na Heh2, protini za utando wa ndani za hamira, hubebwa na wachukuzi walewale wa protini zinazoelea. Anayetafuta kanuni moja kwa viumbe vyote hataipata hapa.

Mwaka 1999 wanasayansi waligundua kuwa ugonjwa uleule unaweza kumpata mtu mwenye jeni nzima ya emerini, iwapo jeni ya lamini A ina hitilafu. Mwaka huohuo, kwenye seli za panya walionyimwa lamini A, emerini ilionekana ikivuja na kurudi kwenye retikulamu. Tusikimbilie kuhitimisha, maana kwa wagonjwa wengi wenye hitilafu ya lamini emerini bado huonekana mahali pake. Wavu unapolegea huharibu na mambo mengine.

Kwa familia zenye kasoro ya emerini, kipimo ni chepesi kuliko elimu iliyo nyuma yake. Seli hukwanguliwa ndani ya shavu, zikapakwa kingamwili inayong'arisha emerini. Mtu mzima wa afya huonyesha pete ya mwanga kuzunguka kila kiini. Kwa mvulana mgonjwa, kwa kawaida hakuna pete. Kwa mama anayebeba jeni yenye kasoro, seli moja ina pete na ya jirani haina, kwa kuwa kila seli ya mwanamke huzima kromosomu X moja kati ya mbili. Akina mama hao kwa kawaida hawadhoofiki misuli, lakini baadhi yao mapigo ya moyo huvurugika ukubwani, hivyo nao hushauriwa kupimwa umeme wa moyo mara kwa mara hata kama hawajisikii vibaya.