Homa Inayokunja Viungo na Ushahidi wa Maabara

Askari aliye lindoni Palma au Mocímboa da Praia akishikwa na homa, hudhaniwa mara moja kuwa ana malaria. Kipimo cha haraka kikikosa kuonyesha malaria, askari huyo aweza kuitwa mtegaji. Hukumu hiyo si ya haki.

Mwaka 1952, katika nyanda za Wamakonde huko Newala, Tanzania, ng'ambo ya mto Ruvuma, ulizuka ugonjwa wa homa uliowaumiza watu viungo hata wakatembea wameinama. Kwa Kimakonde uliitwa chikungunya, yaani kile kinachokunja. Kirusi chake kilipatikana mwaka 1953 katika damu ya mgonjwa. Lakini mlango mmoja mkubwa kinaoupitia kuingia katika seli za mwili ulijulikana mwaka 2018 tu.

Kirusi huingia pale protini za ganda lake zinaposhikamana na protini iliyo juu ya seli. Mwaka huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walizima jeni mbalimbali za seli. Seli zilizokosa protini iitwayo Mxra8 hazikuambukizwa kwa urahisi. Hata hivyo, kila polisi ajua kwamba dalili si ushahidi kamili. Ilipasa kuthibitisha kwamba protini hiyo hukishika kirusi chenyewe.

Njia mojawapo ya kuthibitisha ni hii: kitu kimoja hunaswa kwenye kibao cha plastiki, cha pili humiminwa juu yake, kisha kibao huoshwa. Kisichoshikamana huondoka na maji. Kilichoshikamana hubaki, na rangi maalumu hukifichua. Ikathibitika kwamba Mxra8 hukishika kirusi moja kwa moja.

Vipimo vya hospitali hufuata kanuni hiyo hiyo. Kipimo cha haraka cha malaria hunasa protini ya vimelea vya malaria, basi. Kuhusu chikungunya hakisemi lolote. Kingamwili zake hutafutwa kwa kipimo kingine, siku kadhaa baada ya homa kuanza.

Kwa hiyo kamanda mwenye busara humpeleka mgonjwa kwa daktari kabla ya kumhukumu. Naye askari hodari humwaga maji yaliyotuama katika makopo na matairi kambini, kwani mbu waenezao chikungunya huzaliana humo, na huuma mchana.