Samadi na Mabaki ya Jikoni: Kuirutubisha Ardhi na Hukmu Zake

Sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), Rahma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake.

Ama ba'ad,

Ndugu zetu wakulima, na akina mama wenye bustani ndogo za mboga nyumbani, huuliza mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza: shamba limechoka na mbolea ya dukani ni ghali, tufanye nini? La pili: samadi ni najisi, je, inafaa kuitia kwenye mboga tunazokula? Wako ambao kwa khofu ya najisi huiacha samadi irundikane nyuma ya banda, na huku mchicha wao unatoka manjano. Tumeona ni vyema tuyaeleze yote mawili mahali pamoja.

Ardhi huchoka vipi?

Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Ametaja katika Suuratul A'raaf, Aayah ya 58, kuwa ardhi njema hutoa mimea yake kwa idhini ya Mola wake, na ile mbovu haitoi ila kidogo na kwa taabu. Mwenye kutoa ni Allaah, nasi tumeamrishwa kushika sababu.

Mmea hula kama tunavyokula sisi. Tani 1 ya punje za mahindi, yaani magunia 10 ya kilo 100, huondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni, mbali na fosforasi na potasiamu. Tukivuna kila mwaka bila ya kurudisha kitu, tunatumia akiba ya ardhi mpaka inakwisha. Tukiyachoma mabua, naitrojeni karibu yote hupotea na moshi. Udongo wa kichanga, kama ulivyo sehemu nyingi za mwambao wetu, huathirika haraka zaidi, kwa sababu mvua ya masika hukizamisha chakula cha mmea chini kuliko mizizi.

Kinachoushika udongo wa namna hii ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza. Huzuia maji yasikimbie, hushika chakula cha mmea, na huwalisha minyoo na vijidudu vinavyoufanya udongo uwe hai. Mbolea ya dukani hatuikatai. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, ilhali tani nzima ya samadi mbichi ya ng'ombe ina kama kilo 5 tu. Lakini urea huulisha mmea na wala haiongezi mboji ardhini. Mwenye uwezo achanganye vyote viwili: atie mboji kwanza, kisha mbolea ya dukani kwa kiasi. Asiye na uwezo aanze na alichonacho.

Kwanza mtu, kisha mnyama, kisha udongo

Hapa pana jambo la kutahadhari. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amefundisha kuwa tonge likianguka liokotwe, liondoshwe uchafu na liliwe, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Jaabir (Radhwiya Allaahu 'anhu). Basi chakula kinachofaa kuliwa hakitupwi shimoni kwa hoja ya kutengeneza mbolea. Apewe jirani au mwenye haja. Kisichomfaa mtu wapewe kuku na mbuzi. Kinachobaki baada ya hapo, kama maganda ya ndizi na mihogo, mashina ya mchicha na vilivyokwisha kuharibika, ndicho haki ya udongo. Katika mwezi wa Ramadhwaan, majumba na misikiti inayofuturisha hutoa mabaki mengi sana, na mengi yake huishia jalalani, yakavundia na kuvuta nzi.

Namna ya kutengeneza mboji

1. Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima na mbali na mahali pa kuswalia. Tandika vijiti chini ili hewa ipite.

2. Panga kwa matabaka: vikavu (majani makavu, mabua, majani ya mgomba yaliyokauka), kisha vibichi (maganda, magugu mabichi, machicha ya nazi kidogo), kisha samadi na udongo kidogo. Vikavu viwe vingi kuliko vibichi, kama mara mbili au tatu kwa ujazo. Lundo likinuka vibaya, jua kuwa vibichi au maji yamezidi.

3. Lundo lifike mita 1 kwa upana, urefu na kimo. Likiwa dogo kuliko hivyo halishiki joto.

4. Nyunyiza maji mpaka ukifumbata konzi yake mkononi uhisi unyevu bila ya maji kuchuruzika. Lifunike kwa majani ya mgomba au ya mnazi.

5. Baada ya siku chache lundo hupata joto, na joto likifika nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa huua vijidudu vya maradhi na mbegu za magugu. Ligeuze kila baada ya wiki 2 au 3, ya nje yaingie ndani. Huwa tayari baina ya miezi 2 na 4, likawa jeusi, linapukutika na linanuka kama udongo baada ya mvua.

Usitie nyama, samaki wala mafuta, kwani huvuta panya. Na wenye kutia magazeti na karatasi wazikague kwanza: karatasi yenye Aayah za Qur-aan au Jina la Allaah haiingii humo.

Hukmu ya samadi

Waislamu waliotutangulia hawakuiona kazi hii kuwa ya aibu. Al-Bayhaqiy amepokea kuwa Swahaba Sa'd bin Abiy Waqqaas (Radhwiya Allaahu 'anhu) alikuwa akilitia shamba lake mbolea ya kinyesi. Katika karne ya 11, Ibn Bassal wa Toledo, huko Andalus, aliandika kitabu cha kilimo akazipambanua aina za udongo na za mbolea. Na mji wa Isfahan bado una minara iliyojengwa kwa ajili ya njiwa, ili kinyesi chao kirutubishe mashamba.

Wanachuoni wamekhitalifiana juu ya kinyesi cha wanyama wanaoliwa. Maalik na Ahmad wameona ni twahara, na miongoni mwa dalili zao ni kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliswali katika mazizi ya kondoo na mbuzi. Ash-Shaafi'iy, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea mwambao wetu, ameona ni najisi, na miongoni mwa dalili ni Hadiyth ya Ibn Mas'uud kuwa Mtume alikikataa kinyesi kikavu alipoletewa kwa ajili ya kujisafishia. Hata hivyo, Mashaafi'iy wenyewe wameruhusu kuitia samadi ardhini, na mmea ulioota humo ni twahara na ni halali kuliwa. Kilichoguswa na najisi kwa nje kioshwe. Mahanbali ndio waliokuwa wakali katika mmea uliolishwa najisi, wakashurutisha unyweshwe maji safi kwanza.

Ama kuuza, kwa Mashaafi'iy haisihi kuuza kilicho najisi, lakini mtu anaweza kupokea malipo kwa kuiachia haki yake, au kwa kazi ya kukusanya na kusafirisha. Mahanafi wameruhusu kuiuza. Mwenye kutaka kujitoa katika khitilafu alipie kazi, gunia na gari.

Samadi mbichi isiwekwe kwenye mboga zinazoliwa bila ya kupikwa. Ikiwa imetiwa, basi ipite miezi 4 kabla ya kuvuna. Aliyeishika aoshe mikono na abadilishe nguo kabla ya Swalah.

Ndugu Waislamu, Hadiyth iliyopokelewa na Al-Bukhaariy na Muslim imetufunza kuwa anachopanda Muislamu, akala humo mtu, ndege au mnyama, ni swadaqah kwake. Tusiutupe mtaji wa swadaqah hiyo jalalani. Futari ijayo, wekeni ndoo mbili jikoni: moja ya maganda, nyingine ya taka nyingine.

Tunamuomba Allaah Atubarikie katika ardhi zetu na riziki zetu.

Na Allaah Anajua zaidi.