Kamba Kabla ya Maiki

Headley Grange ni nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1795 huko Hampshire, Uingereza, ili kuwahifadhi maskini. Led Zeppelin waliigeuza studio walipokuwa wakitengeneza albamu yao ya nne, iliyotoka Novemba 1971. Kwa ajili ya wimbo "When the Levee Breaks", dramu za John Bonham ziliwekwa ukumbini, chini kabisa ya ngazi. Fundi sauti Andy Johns akapanda juu, akaning'iniza maiki mbili za Beyerdynamic M160 zikitazama chini. Dramu ya mguu haikuwekewa maiki yake. Sauti iliyopatikana, baada ya kukandamizwa na kupitishwa kwenye mashine ya mwangwi, ni nzito kiasi kwamba watayarishaji wa hip-hop wameikata na kuitumia upya kizazi baada ya kizazi.

Anayekisoma kisa hiki haraka huondoka na fundisho kwamba maiki mbili zinatosha. Ni kweli zinatosha, ila kilichofanya kazi pale si idadi yake. Juu ya kichwa cha Bonham palikuwa wazi kwa ghorofa kadhaa, na sauti ilipanda, ikagonga kuta, ikarudi ikiwa imechelewa vya kutosha kusikika kama ukubwa. Maiki zile zilirekodi nyumba nzima ikilia. Chumba cha kupanga Mbagala au Kayole kina mita tatu kwa tatu, kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae na dari ambayo mtu mrefu akinyoosha mkono anakaribia kuigusa. Maiki zilezile zikiletwa hapa zitarekodi kitu kingine kabisa. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba anayetaka kurekodi dramu nyumbani aanze na umbali: wa dramu na ukuta, wa maiki na dari, wa maiki na maiki nyenzake. Ununuzi wa vifaa usubiri.

Tuanze na kuta, maana hapo ndipo pesa na nguvu nyingi hupotea. Studio nyingi za nyumbani zimebandikwa trei za mayai kuanzia sakafuni hadi darini, na wenyewe wanaamini wamezuia sauti. Sauti huzuiwa na uzito, na trei ni karatasi nyepesi; jirani atasikia kila pigo kama alivyosikia jana. Kazi ndogo inayofanywa na trei ni kupunguza mng'ao kidogo wa sauti za juu, nayo hiyo huongeza tatizo, kwa sababu sauti nzito hubaki zikivuma peke yake bila mwenza wa kuzisawazisha. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la hezi 57, ambalo liko pale pale dramu ya mguu inaponguruma, lina urefu wa mita sita. Chumba cha mita tatu kinabeba nusu yake barabara. Wimbi la namna hiyo hukwama kati ya kuta mbili: hujazana karibu na ukuta na karibu kutoweka katikati ya chumba. Chumba kikiwa mraba, hali hujirudia pande zote mbili. Basi mtu akiweka dramu zake katikati kabisa, kwa kuwa hapo ndipo panapoonekana pana nafasi, anaweza kukuta kishindo chote cha mguu kimepotea. Atapandisha besi kwenye programu usiku kucha na hataipata, maana haikuingia tangu mwanzo.

Dawa ni kusogeza. Mmoja akae apige dramu ya mguu polepole, pigo moja moja, na mwingine atembee chumbani akisikiliza kwa urefu wa maiki. Atazikuta sehemu ambazo pigo linajaa kifuani na sehemu ambazo linabaki mlio wa ngozi tu. Dramu zisogezwe, hata kwa nusu mita, kisha wajaribu tena. Saa moja ya kazi hiyo ina faida kuliko maiki ya bei ghali.

Baada ya hapo ndipo tutafute vitu vizito na vinene vya kunyonya sauti, na nyumba zetu zinavyo. Godoro likisimamishwa shubiri moja kutoka ukutani hufanya kazi kuliko likigandamizwa ukutani, kwa sababu hewa ya nyuma yake nayo hutumika. Kabati lililojaa nguo na kufunguliwa milango ni msaada mkubwa. Chini ya dramu liwekwe zulia: linazuia vigae kurudisha sauti kali, na linazuia dramu ya mguu isitambae mbele kila inapopigwa. Lakini pahali pa kwanza pa kushughulikia ni dari. Chukua snea iliyo sentimita 70 kutoka sakafuni, maiki mita moja juu yake, na dari mita 2.6. Sauti inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye maiki inatembea mita moja. Ile inayogonga dari na kurudi inatembea mita 2.8. Inachelewa kwa milisekunde tano na kitu, muda mfupi mno kusikika kama mwangwi. Kinachosikika ni dramu zenye sauti ya ndani ya debe. Blanketi nzito mbili zilizokunjwa na kufungwa darini juu ya mpigaji, au godoro jembamba lililoning'inizwa kwa uangalifu, hulainisha sehemu kubwa ya kero hiyo.

Dramu zenyewe nazo zina haki yake. Ngozi iliyochakaa haifufuliwi na maiki. Kila boliti ikazwe kidogo kidogo kwa kuvukana, ya huku kisha ya mkabala wake, mpaka mtu akigonga karibu na kila boliti asikie mlio uleule. Snea ikibaki na mlio mrefu unaokera, kipande cha tishu kilichokunjwa na kubandikwa kwa tepu ukingoni mwa ngozi kinatosha. Mwaka 1966, wakati Beatles wakirekodi albamu ya Revolver kwenye studio za EMI jijini London, Geoff Emerick, fundi wa miaka 20, aliijaza dramu ya mguu ya Ringo Starr sweta la sufu na kuisogezea maiki karibu kuliko kanuni za studio zilivyoruhusu. Pigo likawa fupi na zito, na tangu hapo wengi wameiga. Sweta au blanketi jepesi linaloigusa ngozi kidogo ndani ya dramu bado ndiyo njia ya kwanza ya kujaribu, na haigharimu chochote.

Kisha kuna matoazi, na hapa lazima niseme wazi: rekodi nyingi za nyumbani huharibiwa na mkono wa mpigaji. Wapigaji wengi wa kwetu wamefunzwa kanisani, mahali ambapo dramu hushindana na spika kubwa na kwaya ya watu wengi, na mkono umezoea kupiga toazi kwa nguvu zote. Chumbani, toazi lililo karibu na maiki za juu na karibu na dari humeza kila kitu. Hakuna kitufe kitakachoitoa snea ndani ya matoazi yaliyopigwa hivyo. Mpigaji apige snea kwa uthabiti na mguu kwa uthabiti, na matoazi ayaguse tu. Avae hedifoni ajisikilize kupitia maiki za juu peke yake. Akishajisikia, mkono hujirekebisha haraka kuliko kwa maelezo ya fundi.

Sasa maiki. Mwenye kadi ya sauti yenye tundu mbili, na hao ndio wengi, aweke moja juu na moja kwenye dramu ya mguu. Ya juu isiwe juu ya matoazi bali karibu na bega la kulia la mpigaji, ikielekea katikati ya snea na mguu, yaani pale anapochungulia yeye mwenyewe. Ikiwa ni kondensa itahitaji umeme wa volti 48, ambao kadi nyingi zinautoa. Kwa dramu ya mguu, maiki ya dainamiki yenye uwezo wa besi iingie kwenye tundu la ngozi ya mbele. Mpangilio huu ni wa mono, na si wa kuuonea aibu; muziki mwingi tunaoupenda wa miaka ya 1960 ulirekodiwa hivyo.

Mwenye tundu nne anaweza kutumia mpangilio unaoitwa kwa jina la Glyn Johns, kaka mkubwa wa yule Andy, aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1968 katika studio ya Olympic, London. Maiki moja hukaa takriban mita moja juu ya snea. Ya pili hukaa upande wa tomu ya sakafuni, juu kidogo ya ukingo wake, ikitazama snea na haihati kwa kuvuka dramu zote. Ya tatu ni ya mguu, ya nne ya snea. Siri iko katika zile mbili za kwanza: zote lazima ziwe umbali ule ule kutoka katikati ya snea.

Kwa nini? Sauti ni kusukuma na kuvuta hewa. Maiki mbili zinazopokea pigo moja kwa nyakati tofauti zinaweza kufika mahali ambapo moja inasukuma na nyingine inavuta, kama watu wawili wanaohangaika na gari lililokwama, mmoja akisukuma kwa nyuma na mwingine kwa mbele. Gari haliendi, ingawa wote wametoka jasho. Tofauti ya sentimita 17 kati ya maiki hizo inachelewesha sauti kwa nusu milisekunde, na zikichanganywa pamoja, hezi 1000 hudhoofika au kufutika. Tofauti ya sentimita 34 inakwenda na hezi 500, kisha 1500, kisha 2500, na kuendelea. Snea inabaki na mashimo kila mahali, na msikilizaji ataiita nyembamba bila kujua sababu.

Ndipo kamba inapokuja. Bana ncha moja katikati ya snea, nyoosha hadi kwenye uso wa maiki ya juu, tia alama. Peleka alama ileile kwenye maiki ya pili, uisogeze mpaka ifike. Kama unataka na mguu uingie sawa, chukua kamba ndefu zaidi: ncha moja ibanwe katikati ya snea, nyingine pale nyundo ya pedali inapogonga ngozi, na sehemu ya katikati uivute juu mpaka iguse maiki. Shika pale iliponyooka, kisha uhamishe pembetatu hiyo hiyo kwenye maiki ya pili. Penye kukutana kwa vipimo vyote viwili, snea na mguu vitazifikia maiki zote kwa wakati mmoja, na vyote vitakaa katikati ya stirio bila kuyumba.

Maiki ya nne, ile ya snea, huleta mtihani wake. Nyingi ni Shure SM57, maiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1965 na ambayo bado haijaondolewa mahali hapo. Iko sentimita tano kutoka kwenye ngozi, mgongo wake ukiwa umeelekezwa kwenye haihati ili isiisikie sana. Tuseme maiki ya juu iko sentimita 91 kutoka snea ileile. Tofauti ni sentimita 86, nusu kamili ya wimbi la hezi 200, na hezi 200 ndiyo nyama ya snea nyingi. Fundi anapandisha maiki ya karibu ili snea inenepe, nayo inakonda. Tiba ni kubonyeza alama ya duara lililokatwa kwa mstari kwenye njia ya snea, ambayo hugeuza kusukuma kuwe kuvuta. Papo hapo nyama inarudi. Sauti nyingine hapo juu zitabadilika pia, kwa hiyo anayeamua ni sikio: bonyeza, sikiliza, rudisha, sikiliza, na uchague palipo pazito. Fanya vivyo hivyo kwa dramu ya mguu. Maiki ikiwekwa chini ya snea, mara nyingi hiyo igeuzwe, kwa kuwa ngozi inayoikimbia maiki ya juu inakuja kuikabili ya chini.

Kuhusu kiwango cha kurekodi nitasema machache. Rekodi kwa biti 24, na kilele kiishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Pima wakati mpigaji anapiga kibwagizo kwa nguvu zake halisi, si anapojaribu kwa adabu. Akishapata moto atapita alipopimiwa.

Programu za siku hizi huruhusu kuisogeza njia ya snea kwa milisekunde chache ilingane na maiki za juu, na wengi huona hiyo inaifanya kamba isiwe na kazi. Inasaidia snea. Lakini maiki hiyo ya snea imesikia pia haihati, tomu na mguu, na kila kimoja kiko umbali wake. Ukiisogeza kuifuata snea, umevisogeza vyote pamoja nayo, na baadhi vitaharibika zaidi ya mwanzo. Kazi iliyofanywa na stendi chumbani haifanyiki yote kwenye skrini.

Mwishoni bonyeza kitufe cha mono. Wasikilizaji wetu wengi watausikia wimbo huo kwenye simu yenye spika moja, kwenye kispika cha bluetooth mezani, au kwenye spika za ukumbi zilizounganishwa zote kwa waya mmoja. Dramu zilizosikika pana na nzuri kwenye hedifoni, zikaingia mono na snea ikazama, zina tatizo la umbali ambalo halikupimwa. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote, rudi chumbani na kamba, pima tena maiki mbili za juu, na umwombe mpigaji arudie mistari minne.