Mirungi na binamu zake wa maabara

Mwaka 1947 P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, alichapisha makala kuhusu mirungi katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Mti huo ulishajulikana vizuri. Kilichokuwa hakijajulikana ni kinachomkesha mlaji. Wanakemia waliishika katini, iliyotambuliwa kwenye majani ya mti huo mwaka 1930, lakini hesabu ilikataa: jani bichi lina nguvu kuliko katini iliyomo. Mwaka 1975 ndipo maabara ya Umoja wa Mataifa ilipogundua kemikali nyingine, katinoni, ambayo jani likinyauka hugeuka katini, iliyo dhaifu zaidi. Wasafirishaji walishalijua hilo kwa vitendo, ndiyo maana vichane hufungwa kwa majani ya mgomba na magari hukimbizwa usiku.

Katinoni ni ya ukoo wa fenetilamini: pete ya kaboni sita, mkia mfupi, na naitrojeni. Adrenalini na dopamini za mwilini mwetu zimo humohumo. Imo pia meskalini, ya dungusi kakati la Mexico liitwalo peyote. Pete ya meskalini imebeba vikundi vitatu vya metoksi. Hugusa vipokezi vya serotonini, na mtu huona rangi na maumbo yasiyokuwepo kwa saa kumi au zaidi. Pete ya katinoni iko tupu. Yenyewe humwaga dopamini na noradrenalini: maneno mengi, moyo mbio, njaa na usingizi vikatoweka. Ukoo mmoja, tabia mbalimbali.

Ernst Späth alitengeneza meskalini maabara mwaka 1919, na tangu hapo wanakemia hawakuacha kuichokonoa. Ongeza kaboni moja na haidrojeni mbili kwenye kikundi cha katikati, unapata eskalini, ambayo Alexander Shulgin aliieleza katika kitabu chake cha 1991. Kwa uzito uleule ina nguvu mara kadhaa kuliko meskalini, na haijaidhinishwa kutibu ugonjwa wowote. Katinoni nayo ilichokonolewa ikazaa mefedroni, ambayo Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2010 baada ya kuuzwa kwa jina la mbolea. Mkulima wa kabichi wa Lushoto angecheka, kama si madhara yake.

Kemikali hizo za maabara huuzwa kama unga, na kwa maoni yangu hatari kubwa iko kwenye unga huo. Jani lina breki: ni chungu, hutafunwa kwa saa nyingi, na huharibika siku mbili tatu tu. Unga hauharibiki haraka, na anayeulamba hajui amelamba kiasi gani, wala kama ndio alioambiwa.

Hilo haliisafishi mirungi. Hupandisha shinikizo la damu, huleta choo kigumu, na kwa walaji wakubwa wapo wanaosikia sauti zisizokuwepo. Tanzania sheria inakataza kuilima, kuisafirisha na kuitumia, na hofu ya sheria hiyo huwafanya wagonjwa wanyamaze mbele ya daktari. Wasinyamaze. Mtu mwenye presha anayetafuna anaipinga dawa yake mwenyewe. Antibiotiki pia huathirika: utafiti uliofanyika Yemen ulionyesha kwamba ampisilini ikimezwa mtu akiwa anatafuna hufyonzwa kidogo sana, na amoksilini nayo hupungua, ingawa si kwa kiasi hicho.